Kwa nini unga wa jiwe si udongo?

Msomaji ameniandikia hivi: "Ndugu mtaalamu, tangu shuleni nimesikia kwamba udongo ni mwamba uliovunjikavunjika. Nikachukua jiwe la graniti, nikalitwanga mpaka likawa unga, nikaumwagilia maji na kutia mbegu. Zimeota, lakini zimepauka na kudumaa. Kama udongo ni mwamba uliosagwa, kilichokosekana ni nini? Na je, kuchakaa kwa mwamba na mmomonyoko ni jambo moja lenye majina mawili?"

Ndugu yangu, ulichofundishwa ni kweli nusu. Kusagika ni hatua ya mwanzo tu. Udongo ni mwamba ambao sehemu yake imeyeyuka na kwenda zake, sehemu nyingine imeundwa upya kuwa madini ambayo hayakuwamo mwanzoni, kisha viumbe wakaishi na kufia humo kwa karne nyingi. Kinu chako kimefanya ile kazi ambayo dunia huimaliza kwa urahisi kuliko zote.

Nianze na majina, maana hapo wengi hujikwaa. Mwamba unapochakaa hauendi popote. Unapasuka, unameguka, unabadilika kikemia, lakini mabaki yake yapo pale pale. Mmomonyoko ni kule kuchukuliwa kwa mabaki hayo na maji, upepo, barafu inayotambaa, au uzito wake wenyewe kwenye mteremko. Nguvu ya kubeba ikiisha, mzigo hutuama na kuitwa mashapo. Mlimani mambo haya hutokea kwa pamoja, hata kwenye jiwe moja, ila ukiyatenganisha akilini mengine yote hueleweka.

Graniti huzaliwa kilomita kadhaa chini ya ardhi, imebanwa na uzito wa miamba iliyo juu yake. Miamba hiyo ikishaondolewa, mbano hulegea, graniti hutanuka kidogo na kupasuka kwa mabamba yanayofuata umbo la uso wake. Majabali ya Yosemite kule Marekani yamevuliwa magamba namna hiyo. Ufa ukishapatikana maji huingia, na yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Penye baridi kali ufa hupanuliwa usiku baada ya usiku. Penye ukame chumvi hufanya kazi inayokaribiana na hiyo: maji hukauka, fuwele za chumvi hukua ndani ya vinyweleo vya jiwe na kulisukuma kutoka ndani. Mizizi nayo hupenya ikiwa myembamba, kisha hunenepea humo humo.

Kwenye joto nataka nikae kidogo, kwa sababu maelezo yake hurudiwa sana bila kuchunguzwa. Wengi tumeambiwa kwamba jua kali la mchana na baridi ya usiku jangwani vinatosha kupasua mawe. Mwaka 1936 David Griggs alilipima jambo hilo maabarani. Alikipasha moto na kukipoza kipande cha graniti mara 89,400, tofauti ya joto ikiwa nyuzi 110 za Selsiasi, sawa na siku za miaka 244. Jiwe likiwa kavu halikuonyesha badiliko lolote, hata chini ya hadubini. Alipolipoza kwa maji, uso wake ulianza kuharibika baada ya mizunguko inayolingana na miaka miwili na nusu tu. Kwangu hilo ni mojawapo ya majaribio mazuri kabisa katika somo hili, maana linamtaja mhusika mkuu waziwazi: maji. Hata hivyo jua halina mikono mitupu. Brian Collins na Greg Stock walipima bamba jembamba la graniti lililojitenga kwenye ukuta wa jabali huko Yosemite, wakachapisha mwaka 2016 kwamba lilikuwa likijifungua na kujifunga kwa hadi sentimita 1 kwa siku kufuatana na joto. Jua, basi, huupanua ufa uliokwisha kuwapo. Kulipasua jiwe zima na kavu ni habari nyingine.

Kuvunjika kuna faida moja kubwa, na faida hiyo ni ya hesabu. Mchemraba wa jiwe wenye upande wa mita 1 una uso wa mita za mraba 6. Ukate uwe michemraba ya sentimita 1, utapata milioni 1, na nyuso zake zote pamoja ni mita za mraba 600. Jiwe ni lile lile na uzito ni ule ule, lakini maji yamepata mahali mara 100 zaidi pa kushika. Kutwanga kwako, kwa hiyo, hakukuwa kazi bure. Umeifungulia kemia mlango, ila hukuipa muda wa kuingia.

Chukua sasa kipande cha graniti ile ile ambacho hakijatwangwa, kiloweshe, ukigeuzegeuze kwenye mwanga. Utaona chembe za namna tatu. Za kijivu zenye mng'ao wa kioo ni kwatzi. Nyeupe au za waridi, zenye nyuso bapa zinazomulika kila ukigeuza mkono, ni feldispa, na mara nyingi ndizo zilizo nyingi zaidi. Vipande vyeusi vyembamba vinavyobanduka kwa ukucha ni ulanga. Chembe hizi tatu zimekaa pamoja mamilioni ya miaka, lakini hatima zao hazifanani hata kidogo, na udongo huzaliwa ndani ya tofauti hiyo.

Maji ya mvua si maji matupu. Yakiwa bado angani hufyonza kaboni dioksidi na kuwa asidi dhaifu, yenye pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya takriban 5.6. Yakizama ardhini, penye mizizi na vijidudu vinavyopumua, hukutana na hewa yenye kaboni dioksidi mara 10 hadi 100 kuliko hii tunayovuta sisi, na ukali wake huzidi. Hapo huianza feldispa polepole. Ioni za hidrojeni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji, huchukua nafasi ya potasiamu, sodiamu au kalsiamu ndani ya fuwele, sehemu ya silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, huyeyuka na kuondoka, na fuwele hubomoka. Kinachobaki hujipanga upya kuwa mfinyanzi, mara nyingi kaolini, ule mweupe unaotengenezewa vyombo vya kauri. Naomba ulitie mkazo jambo hili, kwa sababu ndilo jibu la swali lako: mfinyanzi haupatikani kwa kusaga. Ungeitwanga graniti mwaka mzima, ungepata feldispa ndogo zaidi basi.

Ulanga mweusi una chuma ndani yake. Oksijeni iliyoyeyuka katika maji hukigeuza kutu, na kutu za namna mbalimbali ndizo zinazoupa udongo mwingi rangi nyekundu, ya kahawia au ya manjano. Lakini ulanga una kazi nyingine isiyosemwa sana. Ukianza kubadilika hupokea maji kati ya matabaka yake na kuvimba, na uvimbe huo huzisukuma chembe jirani mpaka zikaachana. Ndiyo maana graniti iliyokuwa ikichosha nyundo huweza kugeuka changarawe inayomong'onyoka kwa vidole, wakati feldispa zake bado zinang'aa.

Kwatzi karibu haiguswi. Hubaki peke yake wenzake wakishaoza, huchukuliwa na mito, na hiyo ndiyo sababu mchanga wa fukwe nyingi duniani ni kwatzi tupu au karibu. Mwaka 1938 Samuel Goldich aliyapanga madini ya kawaida kulingana na yanavyostahimili, olivini ikiwa ya kwanza kuoza na kwatzi ya mwisho. Mpangilio huo unakaribiana na ule wa madini kuganda kutoka kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka: yaliyoganda kwenye joto kali zaidi, chini sana, ndiyo yanayoangamia haraka yakifika juu. Kwa hiyo basalti, mwamba mweusi wa volkano, yenye olivini na chuma kingi, mahali penye joto na mvua hutoa udongo wenye mfinyanzi mwingi, ilhali graniti hutoa udongo wenye kichanga ndani yake. Mawe ya chokaa nayo yana njia yake. Yenyewe huyeyuka karibu yote kwenye maji yenye asidi, yakaacha mapango, na udongo unaobaki juu yake mara nyingi ni zile takataka chache za mfinyanzi na chuma zilizokuwa zimechanganyika nayo. Mita nyingi za chokaa huenda zikaacha tabaka jembamba tu.

Ukiona ardhi iliyokatwa wima, kwenye korongo au kingo ya barabara mpya, sogea uitazame. Chini kuna mwamba mzima. Juu yake, hasa katika nchi za joto na mvua, kuna kitu kinachoshangaza kila anayekigusa mara ya kwanza: mwamba uliooza huku umesimama, kama mti ulioliwa na mchwa ndani na bado una umbo la mti. Mistari yake, nyufa zake, hata mipaka ya chembe zake za awali vyote vinaonekana, lakini jembe linazama. Tabaka hilo linaweza kufikia makumi ya mita. Mara nyingi ndani yake mmebaki mawe magumu ya mviringo. Uviringo huo una sababu nyepesi: kona ya bonge la mwamba hushambuliwa na maji kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, na uso kutoka upande mmoja, kwa hiyo kona huisha kwanza. Udongo ukiondolewa pembeni, mawe hayo hubaki yamepandana juu ya ardhi, na vilima vya mawe vya Serengeti ni mfano wake mzuri.

Mbegu zako sasa. Mche uliishi mwanzoni kwa akiba ya mbegu yenyewe, kisha ukaanza kutafuta. Nitrojeni uliyoikosa haimo kwenye graniti kwa kiasi cha kuufaa. Hiyo hutoka hewani, na bakteria ndio hasa wanaoifunga katika umbo ambalo mmea unaweza kulitumia, kisha nitrojeni hiyo hujikusanya kwenye mboji kizazi baada ya kizazi. Kupauka kwa majani ya zamani ni dalili ya kawaida ya upungufu wake. Potasiamu ipo tele, lakini imefungiwa ndani ya feldispa. Fosforasi nayo imo kidogo, katika chembe ndogo za madini yaitwayo apatiti. Hata kile kidogo kilichoyeyuka hakikuwa na pa kushikwa. Mfinyanzi na mboji vina chaji hasi kwenye nyuso zao, navyo huzishika kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zisiondoke na maji, huku zikiweza kuchukuliwa na mizizi. Mfinyanzi una uso mkubwa ajabu kwa kazi hiyo: gramu 1 ya kaolini ina takriban mita za mraba 10 hadi 20, na aina zinazovimba hufikia mia kadhaa. Unga wako hauna uwezo huo wa kuweka akiba. Tena, unga mtupu ukilowa hugandamana, hewa ikakosa njia. Katika udongo ulio hai, ute wa bakteria, nyuzi za kuvu na mizizi hugandisha chembe kuwa madonge madogo, na kati ya madonge hupita hewa na maji ya ziada. Ukitaka kuendelea na jaribio, changanya unga huo na mboji iliyooza vizuri na udongo kidogo wenye uhai, usubiri misimu kadhaa. Utaona tofauti, ingawa mfinyanzi wa kutosha hutauona maishani mwako.

Viumbe, kwa kweli, hawasubiri udongo uwe tayari ndipo waje. Wao ni miongoni mwa wanaoutengeneza. Kuvumwani, vile viraka vya kijivu, kijani au machungwa vinavyoganda kwenye mawe makavu, huingiza nyuzi zake kati ya chembe na kutoa asidi, hasa asidi ya oksaliki, inayolegeza madini. Kisiwa cha Surtsey karibu na Iceland kinatuonyesha mfuatano huo kwa tarehe. Kilianza kuibuka baharini mwaka 1963 kikiwa majivu na lava tupu, na mmea wa kwanza wenye maua ulionekana mwaka 1965. Hata hivyo kwa miaka mingi mimea ilikuwa ya kuhesabika, mpaka shakwe walipoanza kutaga kwa makundi katikati ya miaka ya 1980. Kinyesi chao kilileta nitrojeni, na penye makoloni yao kijani kikatanda. Madini yalikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa kikingojewa ni kitu kingine.

Nyungunyungu na mchwa nao hufanya kazi ambayo hakuna mvua inayoiweza: huchanganya. Charles Darwin aliwachunguza nyungunyungu kwa miaka mingi, na mwaka 1881 akachapisha hesabu kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo mkavu kwenye kila ekari hupitia miilini mwao na kuletwa juu kila mwaka. Bila mchanganyiko huo, mboji ingebaki juu na madini chini.

Vasily Dokuchaev wa Urusi, aliyechunguza udongo mweusi wa nyika zao na kuchapisha matokeo mwaka 1883, ndiye aliyeufanya udongo uwe somo linalojitegemea. Hans Jenny mwaka 1941 alikusanya visababishi vitano ambavyo bado tunavitumia: tabianchi, viumbe, umbo la ardhi, mwamba mama na muda. Huo muda ndio unaodharauliwa. Udongo hauzidi kuwa bora kadiri unavyozeeka. Mvua ikiuosha kwa mamia ya maelfu ya miaka, kalsiamu, magnesiamu na potasiamu huisha, kisha hata silika huondoka, na mwisho hubaki oksidi za chuma na alumini. Mahali pengine mabaki hayo huchimbwa kama boksiti, madini ya alumini. Visiwa vya Hawaii ni kama vimepangwa kwa ajili ya somo hili, kwa kuwa lava yake inatoka kwenye umri wa miaka 300 hivi hadi miaka milioni 4.1 kule Kauai. Oliver Chadwick na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba udongo mkongwe wa Kauai umekwisha kupoteza karibu rutuba yote ya mwamba wake, na misitu inategemea fosforasi iliyomo kwenye vumbi linalopeperushwa kutoka Asia ya kati, zaidi ya kilomita 6,000. Msitu wa Amazoni nao hupokea vumbi la Sahara namna hiyo.

Na vumbi hilo ni mmomonyoko. Hapa naingia kwenye sehemu ya pili ya swali lako nikiwa na ombi moja: usiuone mmomonyoko kama adui tu. Ukiondoa tabaka la juu lililochoka, mizizi na maji hukaribia mwamba mpya wenye madini. Mwaka 1997 Arjun Heimsath na wenzake, wakipima beriliamu-10, aina ya atomi inayoundwa na miale itokayo anga za juu, katika mwamba uliozikwa chini ya udongo wa vilima huko Kalifornia, walionyesha kwamba kasi ya mwamba kugeuka udongo hupungua kadiri blanketi la udongo juu yake linavyonenepa. Kumbe unene wa udongo unaouona mlimani ni mizani kati ya unaotengenezwa chini na unaochukuliwa juu. Ndiyo maana kileleni ni haba, na bondeni, unakopokelewa uliotoka juu, ni mwingi. Tope lililoirutubisha Misri kila mwaka lilitoka hasa kwenye nyanda za juu za Ethiopia, zenye basalti nyingi, likisafirishwa na Naili ya Buluu na Atbara, mpaka Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 na kulizuia.

Mizani hiyo huvunjika kwenye uso ulioachwa wazi. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya takriban mita 9 kwa sekunde. Likipiga udongo mtupu hupasua yale madonge niliyoyataja, hurusha chembe pembeni, na chembe laini huziba matundu. Maji yanayofuata hayapati pa kuzama, hukimbia juu, yakachimba vijito na hatimaye makorongo. Filip Hjulström alionyesha mwaka 1935 jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwenye mto, chembe zinazong'oka kwa kasi ndogo kuliko zote ni mchanga, wala si mfinyanzi, kwa sababu chembe za mfinyanzi hushikamana. Lakini mfinyanzi ukishang'oka hautui upesi, hata kwenye maji yanayotembea polepole sana. Tone la mvua huung'oa, mkondo dhaifu huusafirisha mbali, na pamoja nao huondoka ile akiba ya kalsiamu na potasiamu uliyoishikilia.

Kasi zenyewe zinaogofya zikiwekwa bega kwa bega. Kwa kawaida udongo hutengenezwa kwa sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka, mara nyingi kati ya milimita 0.01 na 0.1. David Montgomery alikusanya vipimo vya sehemu nyingi duniani na kuchapisha mwaka 2007 kwamba mashamba yanayolimwa kwa kupindua ardhi hupoteza udongo mara 10 hadi 100 haraka kuliko unavyotengenezwa, kwa wastani zaidi ya milimita 1 kwa mwaka. Milimita 1 haionekani kwa macho, lakini kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 10, yaani karibu tani 13. Shamba lililofunikwa kwa mabaki ya mimea mwaka mzima na kuachwa bila kupinduliwa hupoteza udongo kidogo mno, mara nyingi kiasi kinachokaribiana na kile kinachotengenezwa chini yake, kwa sababu tone hutua kwenye jani kwanza, na maji hupata muda wa kuzama.